Kumpeleka mbwa wa lindo katika Msitu wa Karura: nijiandae vipi?

Mkaazi wa Ruaka aliuliza:

Wanajukwaa wenzangu, salaam.

Ninaishi Ruaka, kaskazini mwa Nairobi, na kwa miaka minne nimemlea mbwa dume aitwaye Bobi, ambaye mama yake alikuwa wa jamii ya Kijerumani na baba yake hatukumjua. Kama mbwa wengi wa mitaa yetu, Bobi aliletwa nyumbani kwa ajili ya lindo: mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa azunguke ua, na kwa muda mrefu dunia yake yote iliishia kwenye ukuta wa mawe na lango la chuma. Mwaka jana nilianza kumtembeza barabarani alfajiri kabla ya magari kuwa mengi, na tangu hapo amekuwa mbwa mwingine kabisa. Amepungua unene, habweki ovyo usiku, na anawatii watoto wangu wawili, wa miaka 9 na 12, kuliko anavyonitii mimi.

Sasa watoto wanataka tumpeleke Karura, nami natamani vivyo hivyo, lakini nina hofu ambayo sababu yake nitaieleza waziwazi. Miezi miwili iliyopita tulimchukua kwenye msitu mdogo wenye mteremko mkali, si mbali na kwa wazazi wangu. Paa mdogo alichomoka kichakani, Bobi akarudi nyuma kwa nguvu, kola ikamvuka kichwa, akatoweka bondeni. Tulimwita kwa muda wa dakika arobaini hivi huku binti yangu akilia. Aliporejea alikuwa na damu mdomoni, na mpaka leo sijui kama ilikuwa yake au ya yule paa. Usiku huo tulimtoa kupe kumi na saba masikioni na katikati ya vidole. Siku kumi na mbili baadaye alikataa chakula, akalala siku nzima, na daktari akasema ni homa itokanayo na kupe. Alipona, lakini nilijilaumu sana, kwa ajili yake na kwa ajili ya yule mnyama aliyekimbizwa nyumbani kwake mwenyewe.

Ninaomba mnisaidie kabla sijarudia kosa. Je, kola yatosha, au kuna kifaa bora zaidi cha kumshikia mbwa anayevuta kwenye miteremko? Kupe wazuiwe vipi kabla ya kuingia msituni? Anaruhusiwa kunywa maji ya mto? Na mbwa ambaye hajazoea kupanda na kushuka aanze na mwendo wa kiasi gani?

Mtembezi wa Alfajiri alijibu:

Ndugu yangu, ahsante kwa kueleza kisa chako bila kuficha. Nimetembea Karura na mbwa wangu wawili kwa miaka tisa, mmoja wao sasa ni mzee wa mvi, na makosa uliyoyafanya mengi nami nimeyafanya.

Kwanza kamba. Mbwa wanaruhusiwa Karura kwa sharti kwamba wawe kwenye kamba muda wote na kwamba mwenye mbwa azoe kinyesi chake aondoke nacho. Ninawaona watu wanaoifungua kamba mara tu wanapopita kona ya kwanza na kuacha kuonekana na walinzi, wakisema kwamba mbwa wao ni mpole. Huenda ni mpole kwa binadamu. Lakini msitu ule wa takriban hekta 1,041, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, umezungukwa na jiji kila upande na umewekewa ua, kwa hiyo mnyama anayekimbizwa hana mahali pengine pa kwenda. Paa uliyemwona alikuwa na msitu uliounganika na mashamba. Paa wa Karura akikimbia sana atafika kwenye waya. Zaidi ya paa, wamo pongo, nungunungu, kanu, fungo, kima, na mbega weupe waliohamishiwa pale kutoka Kipipiri ili warudi katika msitu ambao jamii yao ilikuwa imetoweka. Paa jike akishtuliwa, humwacha mtoto wake amelala kichakani, na mbwa anayenusanusa bila kamba humkuta huyo kabla hajamkuta mama.

Mimi ni wa rika la watu wanaokumbuka Januari 1999, pale Profesa Wangari Maathai na wenzake walipopigwa langoni mwa msitu huohuo kwa sababu walikwenda kupanda miti katika ardhi iliyokuwa inagawiwa wajenzi. Ninapomwona mtu akilalamikia kamba ya mita mbili huwa naumia moyoni, kwa maana msitu tunaotembeza mbwa wetu ndani yake ulikombolewa kwa gharama hiyo.

Kuhusu kifaa, nunua mkanda wa kifuani unaozunguka mbavu na mabega, wenye pete ya kufungia kamba upande wa mbele, kifuani. Mbwa wa jamii ya Bobi ana shingo nene inayokaribia upana wa kichwa, na ndiyo maana kola ilivuka kirahisi aliporudi nyuma. Pete ikiwa kifuani, kila akivuta anajikuta amegeuzwa kukuelekea wewe, na baada ya majuma machache hupunguza kuvuta mwenyewe. Kola ibaki shingoni ikiwa na kibati cha namba ya simu. Mimi huunganisha kola na mkanda kwa kamba fupi ya pili, ili kimoja kikifunguka kingine kishike. Kamba iwe ya mita moja na nusu hadi mbili, ya kitambaa kinene. Zile zinazojivuta na kujirudisha ndani ya kikopo usizipeleke msituni: hunasa kwenye visiki, hukata mikono, na humpa mbwa nafasi ya kupata kasi kabla hujamzuia.

Karura si mlima, lakini usidanganyike ukafikiri ni tambarare. Mito iliyoupasua msitu, Getathuru miongoni mwao, imechonga mabonde, na njia hushuka na kupanda mara nyingi kuliko mgeni anavyotarajia. Sehemu ya kuteremkia kwenye maporomoko ni kali, na udongo mwekundu wa huko ukilowa huteleza kama sabuni. Kwenye mteremko ndipo watu wengi huangushwa na mbwa wao, kwa sababu mbwa hushuka kwa pupa huku binadamu akishuka kwa tahadhari. Mfundishe Bobi neno moja la kumrudisha nyuma ya goti lako, "nyuma" tu latosha, na mfanye mazoezi kwenye ngazi za nyumbani kwa juma zima kabla ya kwenda. Usimpe mtoto wa miaka 9 kamba ya mbwa mwenye kilo thelathini kwenye mteremko, hata kama anamtii vipi. Tambarare ashike, mkifika penye kushuka aikabidhi kwako.

Jambo la mwisho ni siafu. Baada ya mvua za masika na za vuli hukata njia kwa misafara mirefu, nasi tunaotazama mbele hatuwaoni mpaka mbwa aanze kurukaruka na kujiuma miguu. Wakimpanda, toka eneo hilo haraka kwanza, kisha muwatoe mmojammoja kwa vidole, mkikagua katikati ya nyayo na chini ya mkia.

Daktari wa Mifugo, Nakuru, alijibu:

Naunga mkono yote yaliyosemwa kuhusu mkanda wa kifuani. Nitajibu yaliyo ya taaluma yangu, na nitakaa zaidi kwenye kupe kwa kuwa ndiko mbwa wengi wanakoponzwa.

Katika mbwa wa Kenya magonjwa mawili ya kupe ndiyo tunayokutana nayo mara kwa mara. La kwanza ni erlikiosisi, ambalo huletwa na kupe wa kahawia wa mbwa, na dalili zake huanza kati ya siku 8 na 20 baada ya kuumwa: homa, uchovu, kukosa hamu ya kula, na wakati mwingine damu kutoka puani kwa kuwa chembe za kugandisha damu zimepungua. Hilo linalingana na maelezo yako ya siku kumi na mbili, ingawa ni kipimo cha damu tu kinachoweza kuthibitisha. La pili ni babesiosisi, ambalo vimelea vyake huvunja chembe nyekundu za damu, na mwenye mbwa huona ufizi umekuwa mweupe na mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi. Mbwa mwenye mkojo wa namna hiyo afikishwe kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.

Watu wengi huamini kwamba kupe akitolewa jioni hakuna tatizo. Kwa babesia kuna ukweli, kwa sababu kwa kawaida kupe huhitaji siku mbili au zaidi za kunyonya kabla ya kuambukiza. Kwa erlikia maambukizi huweza kupita ndani ya saa chache, kwa hiyo ukaguzi wa jioni ni wa lazima lakini hautoshi peke yake. Bobi anahitaji kinga ambayo tayari imo mwilini au juu ya ngozi kabla hajakanyaga nyasi. Vipo vidonge vya kutafuna vinavyokinga kwa mwezi mmoja na vingine kwa miezi mitatu hivi, zipo dawa za matone za kuweka mgongoni, na zipo kola zenye dawa. Muulize daktari wako ipi inamfaa kulingana na uzito wake, na umweleze kama amewahi kupata kifafa, kwa kuwa baadhi ya vidonge hivyo havifai mbwa wa namna hiyo. Na kama una paka nyumbani, soma maelezo ya dawa ya matone kwa makini sana, kwa sababu dawa zenye pemethrini, aina ya sumu ya kuua wadudu, humdhuru paka hata akilala tu karibu na mbwa aliyepakwa.

Ninasihi jambo moja kwa nguvu: msimwogeshe mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kukisia kipimo. Nimewatibu mbwa walioletwa wakitetemeka na kuyumba kwa sababu mwenye nyumba alimwaga kifuniko kizima kwenye ndoo akidhani kwamba dawa kali ndiyo dawa nzuri. Vilevile msimpake kupe mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti. Mshike kwa koleo yenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, mvute polepole moja kwa moja bila kuminya tumbo lake, kisha usafishe mahali hapo.

Maji ya mto asinywe. Mito ya Nairobi hupokea majitaka juu ya msitu, na maji yaliyochafuliwa na mkojo wa panya huweza kubeba bakteria wa leptospira, ambao wasomaji wa Tanzania wanaujua ugonjwa wao kwa jina la homa ya mgunda tangu mlipuko wa Lindi mwaka 2022. Unaambukiza mbwa na binadamu pia, na mbwa anayo chanjo yake. Beba maji ya nyumbani, angalau lita moja na nusu kwa mbwa wa ukubwa huo, na bakuli la kukunja, na umpe kidogokidogo kila nusu saa.

Kuhusu joto, kumbukeni kwamba mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kitu, na likifika 41 yuko hatarini. Akianza kuhema bila kukoma, ulimi ukawa mwekundu sana na miguu ikaanza kuyumba, mlaze kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima na kumpepea hapohapo, kisha ndipo mumbebe kwenda kwa daktari. Mbwa mnene na mbwa wa pua fupi huzidiwa mapema kuliko wengine.

Kwa mwendo wa kuanzia, dakika arobaini na tano zatosha mara mbili au tatu za mwanzo, asubuhi, ukiongeza robo saa kila juma. Nyayo za mbwa aliyelelewa kwenye saruji huwa ngumu sehemu moja na laini sehemu nyingine, na changarawe za mteremko huzichubua. Zikague mkirudi, pamoja na manyoya ya katikati ya vidole ambako kishona nguo na mbegu za nyasi hujificha na kupenya ngozi.

Na bila shaka chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na wakati. Hilo halina mjadala.

Mama Likoni alijibu:

Sina mbwa, lakini ninaomba mniruhusu kusema neno kwa upande wetu sisi tunaokutana nao njiani. Ninapokuwa Nairobi kwa mwanangu huenda Karura kunyoosha miguu. Mimi ni Mwislamu, na mate ya mbwa yakinigusa nguo inanibidi niitoharishe kabla ya kusali. Sichukii mbwa, wala sitaki wazuiwe. Ninachokiomba ni kwamba mkiona watu wanakuja kwenye njia nyembamba, msogee pembeni mapema na kumfupishia kamba, msisubiri mpaka mtu aruke kichakani ndipo mseme "haumi". Wengi wetu tumekua tukiwajua mbwa wa lindo tu, na mtoto aliyewahi kung'atwa na mbwa wa jirani hawezi kujua kwamba Bobi wako ni tofauti. Mwanangu, wafundishe watoto wako adabu hiyo, nao watapendwa njia nzima.

Mkaazi wa Ruaka aliandika:

Shikamoo Mama, na ahsante sana. Nimewasomea watoto maneno yako. Daktari, Bobi amechanjwa kichaa mwezi wa tatu, na kesho nitaulizia vidonge vya kupe pamoja na chanjo ya leptospira. Mkanda wa kifuani nimeshaununua na tumeanza mazoezi ya "nyuma" kwenye ngazi.

Yamebaki mawili. Mwanangu mkubwa anauliza kwa nini tusimpeleke Bobi pia katika hifadhi za taifa, maadamu atakuwa kwenye kamba na amechanjwa. Na sikuuliza mwanzoni kuhusu kima: wakishuka karibu yetu tufanye nini?

Msomaji wa Arusha alijibu:

Swali la kijana ni zuri na linastahili jibu kamili. Hifadhi za taifa za Kenya na za Tanzania haziruhusu wageni kuingia na mbwa, na kukimbiza wanyama ni sehemu tu ya sababu. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka kwa degedege na kufa, na takriban theluthi moja yao, yaani simba wapatao elfu moja, walipotea katika muda mfupi. Uchunguzi ulionyesha kwamba kilichowaua ni kirusi cha distempa, jamaa wa kirusi cha surua ya binadamu, ambacho kilikuwa kimeenea katika mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi na kikadhaniwa kuingia kutoka huko. Fisi na wanyama wengine walao nyama waliathirika pia. Mbwa mwitu, ambao ni wachache kupita kiasi, wamewahi kupoteza makundi mazima kwa kichaa na kwa distempa. Baada ya hapo kukawa na kampeni za kuchanja mbwa wa vijiji vya jirani, jambo lililowasaidia wanyama na wanavijiji pia, kwa kuwa kichaa cha mbwa huua watu.

Mwambie kijana kwamba mbwa huweza kuwa na kirusi kabla ya dalili kuonekana, na mlinzi wa lango hana njia ya kulijua hilo kwa macho. Lakini somo hilo lisiishie Serengeti. Karura wako kanu, fungo na nguchiro, ambao nao huweza kuambukizwa distempa. Kwa hiyo hakikisheni kwamba chanjo ya Bobi haikuwa ya kichaa pekee. Ipo ya pamoja inayokinga distempa na parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoua hasa watoto wa mbwa, na wenye mbwa wa lindo wengi hawaipi uzito kwa sababu hawajaambiwa. Kuzoa kinyesi kunatokana na sababu hiyohiyo, maana kirusi cha parvo hudumu ardhini kwa miezi mingi.

Mtembezi wa Alfajiri alijibu:

Nakubaliana na Arusha neno kwa neno.

Kima ni jambo jepesi mkilijua mapema. Wanashuka kwa ajili ya chakula, hasa karibu na mahali pa mapumziko, basi ndizi na mkate vikae ndani ya mfuko uliofungwa mpaka mtakapoketi, na mtu asiwarushie chochote. Mkiwaona chini, simameni, mfupishe kamba mpaka Bobi awe ameegemea mguu wako, kisha mpite upande wa pili taratibu bila kuwatazama machoni. Usimwache abweke akiwaelekea. Dume la kima lina meno marefu ya pembeni yanayoweza kumpasua mbwa uso, na mbwa akishamkosea kima mmoja, kundi zima hupiga kelele mpaka mtoke kwenye eneo lao. Akichubuliwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha mumwone daktari. Mtoto akichubuliwa, fanyeni vivyo hivyo na mwende hospitali siku hiyohiyo mkaulizie chanjo ya kichaa.

Mimi huingia Jumamosi kwa lango la Limuru Road mara linapofunguliwa, kabla ya waendesha baiskeli kuwa wengi. Mkipenda, tutembee pamoja mara ya kwanza. Mbwa wangu mzee ana utulivu wa kumfundisha mwenzake kuliko sisi, na njia ya kuelekea mapangoni ina mteremko wa wastani unaomfaa anayeanza. Njooni na taulo kuukuu la kumfutia matope Bobi, na koleo ya kupe iwe garini, si nyumbani.